Nyumba na Ua: Mti Mwekundu Usiohitaji Theluji

Ndugu wasomaji, miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili iko moja iliyotoka Mutanga Nord, katika mji wa Bujumbura. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mke wa afisa wa polisi. Anaeleza kwamba kaka yake, aishiye Ottawa nchini Kanada, alimpelekea picha ya mti mdogo uliosimama mbele ya nyumba yake. Kimo cha mti huo hakikuzidi paa, na majani yake yote yalikuwa mekundu kama kaa la moto. Tangu siku hiyo mama huyu hana raha. Ukuta wa nyumba yao umekwisha kujengwa, ua ni mtupu, na mumewe, ambaye yuko kazini mbali na mji, atarudi kwa likizo mvua zitakapoanza. Angependa mumewe akute mti umekwisha kupandwa. Kaka ameahidi kumpelekea mbegu ndani ya bahasha. "Je," anauliza mama, "mti huu utaota kwetu? Na kama hautaota, nipande upi?"

Tumelichagua swali hili kwa sababu si la urembo peke yake. Kiti kibaya waweza kukiuza, na pazia lisilopendeza waweza kulibadili. Mti ukishatia mizizi huwa ni mmoja wa wakaaji wa nyumba, na huenda ukakaa kuliko wewe. Ukikosea kuuchagua, kosa lako hukua kila mwaka.

Kwanza tuujue huo mti wa kwenye picha. Ni wa jamii ya mepo, ambayo wenzetu wasemao Kifaransa huiita erabli. Jani lake lenye ncha nyingi ndilo lililomo katikati ya bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Mepo ni wa aina nyingi. Iko mikubwa mno, ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa asali ya miti, na iko midogo ya bustani isiyozidi mita 5 au 6. Bila shaka huo wa kaka ni katika hiyo midogo.

Sasa tuulize: wekundu ule unatoka wapi? Jani ni la kijani kwa sababu lina rangi ya kijani inayouwezesha mti kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Huko Ottawa, siku ndefu kuliko zote katika mwaka ina mwanga wa saa 15 na dakika 40 hivi, na siku fupi kuliko zote haifikii saa 9. Siku zinapoanza kufupika, na usiku unapoanza kuwa wa baridi, mti hutambua kuwa majira ya theluji yako karibu. Huacha kutengeneza rangi ya kijani, hurudisha akiba yake ndani ya shina na mizizi, na katika siku hizo za kuagana jani hujaa rangi nyekundu. Kisha majani huanguka yote, na mti hulala usingizi wa miezi. Usingizi huo si uvivu. Mti wa mepo usipopata majuma mengi ya baridi kali hauamki vema, machipukizi yake hutoka machache na dhaifu, na mwaka hadi mwaka hudhoofika hata ukafa. Mbegu zake nazo, kwa aina nyingi, hazioti mpaka zikae kwanza katika ubaridi na unyevu kwa miezi kadhaa.

Bujumbura iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi hapa ni dakika 20 hivi tu kwa mwaka mzima, wala usiku wetu haushuki sana chini ya digrii 18. Mti wa mepo ukipandwa Mutanga Nord utakuwa kama mlinzi aliyewekwa zamu asipewe saa ya kupumzika. Hata wale wasomaji wetu walioko milimani, huko Muramvya, Mwaro au Bururi, wasijidanganye kwa sababu wanavaa makoti asubuhi. Baridi ya milima yetu ni ya kila mwezi, haina zamu ya kuja na kuondoka kama majira ya theluji.

Kwa hiyo, mama, mshukuru kaka yako, lakini mwombe asilete mbegu. Tena, mbegu zisizokaguliwa na wataalamu wa mimea huweza kubeba wadudu na magonjwa, na ndiyo maana nchi nyingi hudai cheti kabla ya kuzipokea.

Na kama kaka mwenyewe, au ndugu wa msomaji mwingine aliyeko nchi za baridi, anauliza apande mepo gani katika bustani ndogo, jibu letu linafuata kanuni ile ile ya kuangalia mahali kwanza. Mepo wa Kijapani ndio uliosifiwa kuliko yote kwa uzuri wa majani, lakini baridi ya Ottawa, ambayo katika usiku mbaya hufikia digrii 30 chini ya sifuri, huweza kuua matawi yake. Mepo wa Kikorea unafanana nao sana na unavumilia baridi zaidi. Mepo wa Amur, ambao asili yake ni Asia ya kaskazini mashariki, huvumilia hata digrii 40 chini ya sifuri na wekundu wake ni wa kung'aa, ila mbegu zake hupeperuka na kuvamia misitu, na katika baadhi ya majimbo ya Amerika ya Kaskazini watu wanaonywa wasiupande. Akitafuta kwa shauri letu, achukue wa Kikorea, aupande mahali pasipopigwa na upepo wa baridi.

Turudi sasa nyumbani. Mutanga Nord si mahali pa kupanda mti kwa kubahatisha. Viwanja vimejengwa karibu karibu, na ukuta wa mtu mmoja mara nyingi ndio ukuta wa jirani yake. Kutoka Juni hadi Agosti ni kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, na ardhi hukauka na kufanya nyufa. Mvua zikirudi, maji hushuka kwa nguvu kutoka vilimani yakielekea ziwani. Mto Ntahangwa umekuwa ukila kingo zake kwa miaka mingi, na makorongo yake yamesogea mpaka karibu na makazi ya watu. Wakazi wa mji hawajausahau usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilipoleta mafuriko katika mitaa ya kaskazini na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Katika mahali kama hapo mti ni jambo zito. Unaweza kushika udongo, na unaweza pia kuangusha ukuta.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa gharama. Nilipokuwa kijana nikiishi katika nyumba ya kupanga mjini humo, nilivutiwa na mkungu, mti ambao kwetu ndio unaokaribia mepo kwa sura, maana majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Nilipewa mche mdogo ndani ya kopo la maziwa. Niliupanda hatua moja kutoka ukutani, ili nipate nafasi ya kuegesha baiskeli. Sikuuliza utafikia kimo gani. Mkungu huweza kufikia mita 25, na matawi yake hutanda kama mwavuli ulio juu ya mwavuli. Mwaka wa nne tulifurahia kivuli. Mwaka wa saba ukuta ulifanya ufa ambao mtoto angeweza kuingiza kidole. Mwaka wa tisa jirani yangu, mzee mstaarabu ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, alikuja jioni moja akaketi, akanywa chai, kisha akasema, "Mwanangu, mti wako umeingia kwangu bila kubisha hodi." Tuliukata. Nilijenga ukuta upya kwa mshahara wa miezi mitatu. Lililoniuma zaidi ni kwamba mti wenyewe haukuwa na kosa. Ulifanya yaliyo katika asili yake, na mimi ndiye niliyeuweka mahali pasipokuwa pake.

Kutokana na kosa hilo nilijiwekea maswali matatu, nami nawapa wasomaji wote. La kwanza: mti huu utakuwa na kimo gani na upana gani ukishakomaa, si leo ukiwa kwenye kopo? La pili: mizizi yake inatafuta nini, na njiani itakutana na nini? Mizizi hufuata maji, nayo hupenda sana shimo la choo na bomba linalovuja. La tatu: nani ataishi chini yake? Nyumba yenye watoto wadogo haiwezi kuchagua kama nyumba ya wazee.

Kwa maswali hayo matatu, ile miti mikubwa tunayoiona kando ya barabara inaondoka yenyewe. Mkaratusi hunywa maji mengi na hurefuka upesi kupita nyumba. Mwembe ni baraka shambani, lakini katika ua wa hatua kumi utawafukuza wenyewe. Mjakaranda na mkungu ni ya viwanja vya wazi na vya shule. Vilevile tuuondoe mwoleanda, ingawa ni mdogo na maua yake yanapendeza, kwa sababu kila sehemu yake ina sumu, na mtoto hujaribu kila kitu kwa mdomo.

Imebaki miti mitatu ambayo naiona inafaa ua wa Mutanga Nord.

Wa kwanza ni furanjipani. Kwa kawaida haupiti mita 6, mizizi yake ni ya adabu, unastahimili kiangazi, na maua yake meupe, ya manjano au ya waridi hunukia zaidi wakati wa jioni. Hupandwa kwa tawi. Kata tawi la urefu wa mkono, liache kivulini juma moja au mawili mpaka kidonda kikauke, ndipo ulitie ardhini. Usiupande mahali maji yanapotuama, maana utaoza. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kuumiza macho, basi anayeukata ajihadhari.

Wa pili ni mlimau. Wengine watasema huo si mti wa mapambo. Nawajibu kwamba majani yake ni mabichi mwaka mzima, maua yake yananukia, na tunda lake la manjano linapamba mti na meza pia. Mlimau uliounganishwa kitaluni huanza kuzaa katika muda wa miaka mitatu hivi. Miiba yake ni mikali, kwa hiyo ukae mbali na njia ya kupita watoto.

Wa tatu, ambao ndio jibu langu hasa kwa mama aliyeandika, ni umurinzi. Wenye kusema Kiswahili sehemu nyingine huuita mwamba-ngoma. Hauna haja ya kuletwa ndani ya bahasha, maana ni mwenyeji wa nchi hii tangu kale. Wazee waliuheshimu sana, na ulikuwa na nafasi yake katika ibada za Kiranga. Wakati wa kiangazi umurinzi hupukutisha majani yake, kisha juu ya matawi matupu huwasha maua mekundu yenye rangi ya moto, na ndege wadogo aina ya chozi huyajia kunywa asali. Mama, wekundu ulioutamani katika picha ya Ottawa umo katika mti wa bibi yako. Tofauti yao ni kwamba mepo huwaka kwa majani kwa kuogopa baridi, na umurinzi huwaka kwa maua ardhi ikiwa kavu.

Tena umurinzi ni wa jamii ya kunde. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vya udongoni kuitia ardhi rutuba, hivyo mboga zilizo jirani nao hunufaika. Gamba lake ni nene na laini kama kizibo. Hata hivyo nisizifiche kasoro zake. Una miiba. Matawi yake si magumu, nayo huweza kuvunjika kwa dhoruba. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza kama shanga, lakini zina sumu, na watoto wafundishwe kutozitia kinywani. Ukiachwa huweza kufikia mita 10 na zaidi. Lakini unakubali kukatwa, na ukipunguzwa matawi kila mwaka baada ya maua utabaki katika kimo cha paa bila manung'uniko. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa ningesema anzeni na mlimau, umurinzi mtaupanda atakapoweza kusikia na kutii.

Namna ya kuupanda ni rahisi. Ngoja mvua za kwanza zilowanishe ardhi. Pima mita 4 au 5 kutoka ukuta, nyumba, shimo la choo na bomba. Kwa furanjipani na mlimau, mita 3 zinatosha. Angalia juu pia, pasiwe na waya za umeme. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo wa juu uuweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza, uurudishe kwanza. Umurinzi unaweza kuota kwa mbegu au kwa tawi nene lililokatwa kwenye mti uliokomaa. Shindilia kwa mguu, mwagilia, kisha tandaza majani makavu kuzunguka mti, yasiguse shina. Katika kiangazi cha kwanza, ndoo moja mara mbili kwa juma ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji mengi huivuta mizizi kwenda chini, na maji machache huizoeza kukaa juu.

Neno moja kwa wale ambao viwanja vyao vinapakana na korongo. Mti peke yake hauzuii korongo. Mti mkubwa ukipandwa ukingoni kabisa huongeza uzito pale pale ambapo ardhi ni dhaifu, na siku ukianguka huondoka na kipande cha kiwanja. Ukingoni pandeni majani yenye mizizi mirefu, kama vile vetiva, na miti midogo ikae nyuma yake. Zaidi ya yote, shikeni maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 40 kwa jioni moja humwaga lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Maji hayo yakiachwa yakimbilie korongoni, hakuna mzizi utakaoshinda. Yakiongozwa kwenye pipa au tangi, yatamwagilia mti wenu siku zote ambazo mawingu yatakuwa yamekwenda kwingine.

Najua lipo neno ambalo askari wengi watalisema: "Leo niko Bujumbura, kesho nitahamishiwa Ngozi au Gitega. Kwa nini nipande mti ambao kivuli chake atakikalia mwingine?" Hoja hiyo naiheshimu, maana familia zenu huhama kuliko nyingine. Lakini fikirini ni mara ngapi mmefika katika nyumba ngeni, mmechoka, watoto wanalia, mkaketi chini ya mti ambao hamkuupanda. Yupo aliyewatangulia aliyechimba shimo lile. Deni hilo hatumlipi yeye, kwa kuwa hatumjui. Tunamlipa atakayekuja. Mwaka 2018 Serikali ya Burundi ilianzisha kazi ya kupanda miti nchi nzima kwa jina la Ewe Burundi Urambaye, yaani nchi imevikwa nguo. Nguo ya nchi hushonwa pia kwa uzi wa ua mmoja mmoja.

Nimalizie kwa jina la mti wenyewe. Katika Kirundi, kurinda ni kulinda, na umurinzi ni mlinzi. Mumeo, mama, analinda watu mbali na nyumbani. Atakaporudi mvua zitakapoanza, mwachieni shimo likiwa limekwisha kuchimbwa na tawi likiwa tayari, alitie ardhini kwa mkono wake mbele ya watoto. Halafu mpigeni picha mmpelekee mjomba Ottawa. Huenda naye akaanza kuuonea wivu mti wa Mutanga Nord.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu barua ya msomaji anayelalamika kwamba mchwa wamekula mlango wake wa jikoni. Mpaka hapo, kaeni salama.